Njiti Wodini: Namna Mzazi Anavyosoma Maendeleo ya Mtoto Wake

Mtoto anayezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37 huitwa njiti. Wengi wao huzaliwa kati ya wiki ya 32 na ya 36, na kinachowaokoa zaidi ni joto, maziwa na jicho la karibu kuliko mashine. Wanaozaliwa kati ya wiki ya 28 na ya 31 huhitaji msaada mkubwa zaidi, na wale wa chini ya wiki 28 huwa katika hatari kubwa kuliko wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa njiti milioni 13.4 duniani, yaani karibu mtoto mmoja katika kila kumi.

Ndugu wanapopiga simu wodini, swali lao la kwanza ni kilo. "Amefika ngapi?" Ni swali la upendo, lakini humchosha mama na mara nyingi humpotosha. Uzito ni matokeo, na ndio unaochelewa kusema. Kabla yake kuna pumzi, kuna joto, kuna maziwa yanayoingia na kukaa tumboni. Mzazi anayeangalia mizani peke yake huhuzunika siku ambayo mtoto anaendelea vizuri, na hufurahi siku ambayo angepaswa kuuliza maswali.

Pumzi

Katika wiki za mwisho za mimba, mapafu hutengeneza kwa wingi safaktanti, utando mwembamba unaozuia vifuko vya hewa visinywee kila mtoto anapotoa pumzi. Njiti huzaliwa kabla utando huo haujatosha. Daktari Mary Ellen Avery wa Marekani, akishirikiana na Jere Mead, alilionyesha hilo mwaka 1959. Miaka minne baadaye, Agosti 1963, Rais John F. Kennedy alimpoteza mwanawe Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati akiwa na kilo 2.1. Hata siku mbili hakumaliza, na tatizo lilikuwa hilohilo. Leo mtoto wa uzito huo, akizaliwa penye vifaa na wauguzi wenye ujuzi, hutarajiwa kuishi. Mengi yamebadilika tangu hapo: mwaka 1972 Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha kwamba sindano za steroidi anazochomwa mama kabla ya kujifungua hukomaza mapafu ya mtoto, na baadaye ikapatikana safaktanti ya kutiwa moja kwa moja mapafuni.

Chombo ambacho mzazi atakizoea mapema ni mashine ya CPAP, inayomsaidia mtoto kupumua kwa mgandamizo wa hewa. Katika umbo lake rahisi ni chupa ya maji inayotoa mapovu kando ya kitanda. Hewa iliyochanganywa na oksijeni hupita katika mipira miwili mifupi inayoingia puani, na ncha ya mpira wa kutolea hewa huzamishwa ndani ya chupa. Kina cha maji ndicho kinacholeta mgandamizo: sentimita tano au zaidi kidogo, kama daktari alivyoagiza. Mapovu yakitoka mfululizo, mgandamizo upo. Yakikoma, huenda mpira umechomoka puani, au kiungo fulani kimelegea. Nesi mmoja mwenye watoto wengi wa kuangalia anaweza asilione mara moja, lakini mama aliyeketi hapo ataliona. Amwite nesi bila kuona haya, wala asijaribu kuurudisha mpira mwenyewe.

Kifaa kinachofungwa mguuni au mkononi huonyesha kiwango cha oksijeni kwenye damu. Kwa njiti anayesaidiwa na oksijeni, madaktari wengi hulenga asilimia 90 hadi 95. Wazazi hudhani kwamba 100 ni alama ya ushindi, ilhali kwa mtoto huyu oksijeni ikizidi huumiza macho, kama itakavyoelezwa mbele. Tena kifaa hupiga kelele hata mtoto anapojinyoosha tu. Mtazame mtoto kwanza: je, kifua kinapanda na kushuka? Mbavu zinavutika ndani? Puani kunatanuka, au anaguna kila anapotoa pumzi? Kwa ngozi nyeusi, weupe na ubluu hutafutwa ulimini na kwenye fizi.

Jambo jingine linalotisha ni pumzi kukatika. Ubongo wa njiti husahau kuamuru kifua kivute hewa, na kituo cha sekunde 20 au zaidi huhesabiwa kuwa tatizo la kutibiwa. Mara nyingi kumsugua mgongo au unyayo kunatosha kumwamsha, na watoto wengi hupewa kafeini, ileile iliyomo kwenye kahawa, kwa kipimo cha dawa. Hali hii huisha yenyewe kadiri anavyokaribia umri wa kuzaliwa. Kwa hiyo maendeleo ya kweli katika upande huu husomwa hivi: jana alihitaji oksijeni nyingi, leo kidogo, wiki iliyopita pumzi ilikatika mara kadhaa kwa siku, wiki hii haijakatika.

Maziwa na mizani

Kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi kwa mpangilio mmoja ni kazi ambayo mtoto huiweza karibu na wiki ya 34. Kabla ya hapo atapaliwa. Ndiyo maana hupitishiwa mpira mwembamba wa kulishia, puani au mdomoni, hadi tumboni. Mama hukamua maziwa kwa mkono kwenye kikombe safi, nesi huunganisha bomba la sindano lisilo na kisukumio kwenye mpira, humimina maziwa humo na kuliinua kidogo juu ya mtoto. Maziwa hushuka yenyewe taratibu. Hayasukumwi. Akina mama wengi hufundishwa kulishika bomba hilo wenyewe, na mikono inayotetemeka siku ya kwanza huwa imetulia baada ya wiki.

Kiasi huanza kidogo sana, na hapo ndipo mama wengi hukata tamaa wakiona matone machache ya dang'a chini ya kikombe. Matone hayo ni kinga ambayo hakuna duka la dawa linaloiuza. Titi hukamuliwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia, kwa sababu maziwa hutoka kwa wingi kadiri yanavyotolewa. Baadaye hesabu hukua: mtoto wa gramu 1,200 akifikishwa kwenye mililita 150 kwa kila kilo atapata mililita 180 kwa siku, yaani mililita 15 kila baada ya saa mbili. Mama akiijua hesabu hii, ataelewa kwa nini daktari anaongeza kidogo kidogo. Utumbo wa njiti ukiharakishwa unaweza kuvimba na hata kuoza sehemu, na maziwa ya mama hupunguza hatari hiyo kuliko maziwa ya kopo. Penye mama asiye na maziwa ya kutosha, maziwa ya mama mwingine yaliyopimwa na kupashwa joto kitaalamu ni msaada mkubwa. Nairobi ilipata benki ya maziwa ya aina hiyo mwaka 2019, katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani.

Sasa ndiyo mizani. Katika siku za kwanza uzito hushuka, na kwa njiti unaweza kushuka hadi asilimia 10 au zaidi kidogo, kwa kuwa maji ya ziada mwilini yanatoka. Yule wa gramu 1,200 anaweza kuonekana na 1,080 mwishoni mwa wiki ya kwanza bila kuwa na ugonjwa wowote. Uzito wa kuzaliwa hurudi karibu siku ya 10 hadi ya 14. Kuanzia hapo hutarajiwa aongeze gramu 15 hadi 20 kwa siku kwa kila kilo aliyonayo. Apimwe mtupu, kwa mizani ileile, saa ileile, kabla ya kulishwa, maana nepi iliyolowa ina gramu zake. Akiongezeka ghafla kupita kiasi huku kope na miguu imevimba, hayo si maendeleo. Ni maji, na daktari aambiwe.

Joto la kifua

Mwili wa njiti hauna mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na baridi humla nguvu ambazo angezitumia kupumua na kukua. Joto lake linapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Inkubeta hufanya kazi hiyo. Kifua cha mama huifanya pia, na kwa watoto wengi huifanya vizuri zaidi.

Njia ya kangaroo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey Sanabria alipoona inkubeta hazitoshi na watoto waliolazwa pamoja wanaambukizana. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa tiba ya maskini, tena ya mtoto ambaye hali yake imeshatulia. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, uliuvunja mtazamo huo. Watoto wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya 1.8 waliwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, wakati kwa waliosubiri vilikuwa asilimia 15.7. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda uliopangwa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kangaroo ianze mapema baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Utaratibu wake si mgumu, ila unataka uangalifu. Mtoto huvalishwa nepi, kofia na soksi tu. Husimamishwa katikati ya matiti, kifua kwa kifua, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande na kidevu kimeinuliwa kidogo ili koo lisibanwe. Khanga au kitenge humfunga kwa kukaza, ukingo wa juu ukifika chini ya sikio. Mama hulala ameegemea mito, si chali kabisa. Akichoka, baba hufaa. Bibi na shangazi pia hufaa.

Utafiti ule uliwezekana kwa sababu mama na mtoto walilazwa chumba kimoja. Hilo ndilo linalokosekana katika wodi nyingi zetu: mtoto yuko ghorofa moja, mama aliyepasuliwa yuko nyingine, na baba anaambiwa asubiri getini hadi saa ya kuona wagonjwa. Naliona kuwa kosa la mpangilio linalogharimu maisha, na kulirekebisha ni rahisi kuliko kununua mashine.

Siku za kurudi nyuma

Njiti haendi mbele kwa mstari ulionyooka. Anaweza kutolewa kwenye CPAP Jumatatu na kurudishwa Jumatano. Anaweza kupata umanjano, akawekwa chini ya taa ya bluu amefunikwa macho kwa siku kadhaa; hilo ni la kawaida na hutibika. Kinachohitaji haraka ni maambukizi, na dalili zake kwa njiti ni za kimyakimya: joto kushuka badala ya kupanda, kulegea, pumzi kukatika upya, tumbo kujaa, kutapika maziwa ya kijani. Mama aliyekaa naye siku nyingi husema tu, "Leo mwanangu hayuko sawa." Kauli hiyo iandikwe kwenye faili na daktari aje. Na kwa kuwa wadudu wengi husafiri kwa mikono, kunawa kwa sabuni kila unapoingia, hata kama umetoka nje dakika moja, ni kinga kubwa.

Wakati wa raundi ya madaktari, mzazi aulize mambo manne: anapumua kwa msaada gani leo, anapata maziwa mililita ngapi, joto lake lilikuwaje usiku, na mpango wa leo ni upi. Ayaandike kwenye daftari. Baba naye aulize. Tanzania ilirekebisha sheria za kazi mwaka 2025 na kuwaongezea likizo wazazi wa njiti, jambo ambalo Taasisi ya Doris Mollel, iliyoanzishwa na mwanamke aliyezaliwa njiti, ililidai kwa muda mrefu. Lakini mama lishe, mkulima na bodaboda hawana mwajiri wa kuwapa likizo, na wodini hao ndio wengi.

Kurudi nyumbani

Mtoto huruhusiwa anapopumua bila msaada, pumzi haijakatika kwa siku kadhaa, ananyonya au kunywa kwa kikombe, anatunza joto lake kifuani au akiwa amefunikwa, na anaongezeka uzito mfululizo. Sharti la mwisho ni mama mwenyewe kuwa na uhakika wa kumhudumia. Kangaroo huendelea nyumbani.

Hatua za ukuaji zihesabiwe kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyezaliwa wiki ya 30 alitangulia kwa wiki 10, hivyo akiwa na miezi sita asilinganishwe na wa jirani wa miezi sita. Ukuaji wake ni wa mtoto asiyefikisha miezi minne. Madaktari huendelea na hesabu hii hadi miaka miwili. Chanjo, kwa kawaida, hufuata tarehe halisi ya kuzaliwa.

Limebaki jicho. Mishipa ya damu ya retina ya njiti haijamaliza kukua anapozaliwa, na inaweza kukua ovyo, hasa kwa mdogo sana au aliyepata oksijeni nyingi. Kwa nje jicho huonekana zima. Uchunguzi wa kwanza hufanywa karibu wiki ya nne baada ya kuzaliwa, na ugonjwa ukigunduliwa mapema hutibiwa kwa leza au sindano. Ukichelewa, mtoto anaweza kupofuka moja kwa moja. Mzazi, usitoke wodini kabla hujaandikiwa tarehe ya kliniki ya macho. Na kama hakuna aliyekutajia, uliza wewe.