Uhakiki si kuponda

Panda daladala ya Marangu inayosubiri kujaza pale stendi ya Moshi, kisha sema kwa sauti kwamba muziki wa Diamond Platnumz haukuvutii. Majibu utakayopata hayatagusa muziki. "Una wivu wewe." "Roho inakuuma." "Kwani wewe umeimba nini?" Mtaje mpinzani wake Alikiba badala yake, na upande wa pili utakushukia vivyo hivyo. Hao ndio mashabiki lialia, au wanazi wa kutupwa. Vijana wa Marekani nao wana jina lao, walilolitoa kwenye "Stan", wimbo wa Eminem wa mwaka 2000 kuhusu shabiki aliyejiangamiza baada ya barua zake kukosa majibu.

Kinachokosekana katika mabishano hayo ni uhakiki. Katika fasihi na sanaa, uhakiki ni kuichambua kazi na kuipima thamani yake kwa ushahidi. Kiingereza hutumia neno moja kwa jambo hilo na kwa lawama pia, Kiswahili kimeyatenganisha. Kutaja kasoro ni kukosoa, kudharau ni kuponda, na uhakiki una mzizi mmoja na haki na hakika. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilipopekua vyeti vya watumishi wake na kubaini zaidi ya 9,000 wenye vyeti vya kughushi, kazi ile iliitwa uhakiki wa vyeti. Kilichotazamwa ni cheti, si sura ya mwenye nacho.

Tuupeleke uhakiki kwenye nyimbo. Anayesema "Mwana" ya Alikiba haimgusi ametaja pendeleo lake. Hadaiwi ushahidi, wala hastahili matusi. Anayesema Alikiba kaishiwa, akaishia hapo, ameponda. Lakini anayesema mapigo ya "Number One" ya Diamond yameegemea Nigeria, na kwamba ndiyo maana sauti ya Mnijeria Davido ilikaa vizuri kwenye toleo lao la pamoja, ametoa hoja ya mhakiki. Unaweza kuusikiliza wimbo ukamkubali, au ukampinga kwa kumwonyesha alichokisahau.

Tuzo haziwezi kuijibu hoja hiyo. Mwaka 2014 Diamond alizoa saba katika tuzo za muziki zilizobeba jina la mlima wetu Kilimanjaro, kupitia bia iliyozidhamini. Saba hizo zinathibitisha kwamba alipendwa sana mwaka ule; hazisemi lolote kuhusu ubeti dhaifu.

Wanafunzi wa sekondari hufundishwa kuhakiki riwaya na ushairi kwa fani na maudhui. Walimu, wapeni na nyimbo wanazozisikiliza kila siku. Nawe shabiki, mtu akikwambia hampendi msanii wako, usimuulize anamwonea wivu gani. Muulize ni wimbo gani, na ndani yake ni kitu gani.