Mto Naro Moru

Naro Moru ni mto mdogo wa Kaunti ya Nyeri, Kenya, unaoanzia katika Bonde la Teleki, chini ya barafu za upande wa magharibi wa Mlima Kenya (mita 5,199). Hushuka kupitia tindiga, mianzi na msitu, ukapita mji wa Naro Moru na kujiunga na Ewaso Ng'iro, ambao huishia kwenye kinamasi cha Lorian. Jina ni la Kimaasai, lenye maana ya mawe meusi.

Wengi hudhani barafu ndiyo inayoulisha. Barafu hizo sasa ni mabaki tu. Maji ya kiangazi hutoka hasa kwenye chemchemi na udongo wa msitu wa mlimani, ndiyo maana kuukata msitu huo ni kuukata mto wenyewe. Mabomba na mifereji ya mashamba huchota maji njiani, na katika ukame mkali sehemu za chini hukauka kabisa, wafugaji wakabaki na mchanga.

Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, anayechota kwa kilimo sharti awe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Jumuiya ya watumiaji wa maji hupanga zamu na kusuluhisha migogoro.