Ameshikwa na Nani? Historia Fupi ya Kifafa

Huku kwetu mtu akianguka kifafa tunasema "ameshikwa". Wagiriki wa kale walisema vivyo hivyo: neno lao, ambalo madaktari wanalitumia hadi leo, linatokana na kitenzi cha kukamata. Sasa swali ambalo limesumbua binadamu kwa maelfu ya miaka ni hili: ameshikwa na nani?

Jibu la kwanza lilikuwa rahisi: pepo. Karibu miaka 3,000 iliyopita, waganga wa Babeli waliandika kwenye vibao vya udongo jinsi watu wanavyoanguka, macho yakigeuka na povu likitoka mdomoni. Hawa watu walikuwa wanaangalia kwa makini, usiwadharau. Shida ni kwamba kila aina ya kuanguka waliipa pepo wake.

Halafu, karibu mwaka wa 400 KK, kitabu kimoja cha shule ya Hippocrates kikatoboa: ugonjwa huu si mtakatifu kuliko ugonjwa mwingine wowote, na unatoka kwenye ubongo. Mwandishi akaongeza kwamba wanaowasingizia miungu wanaficha tu kwamba hawajui kuutibu. Manze, miaka 2,400 iliyopita! Hadithi ingefaa kuishia hapo. Haikuishia.

Ilibidi watu wangoje hadi karne ya 19. Daktari John Hughlings Jackson wa London aliona kwamba kwa wagonjwa wengine mtukutiko unaanzia kwenye kidole gumba, unapanda mkono, kisha unafika usoni. Akaeleza kwamba ni seli za ubongo zinazofyatuka ghafla kupita kiasi, na kwamba kila sehemu ya mwili ina mahali pake kwenye ubongo. Mwaka wa 1924, Mjerumani Hans Berger akarekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza. Kwa hivyo aliyemshika mtu si pepo. Ni stima ya ubongo wake mwenyewe, imezidi.

Na mwenyewe huhisi nini? Inategemea stima imeanzia wapi. Kuna anayeduwaa tu sekunde kadhaa, mwalimu akidhani hasikilizi. Kuna anayenusa kitu kinaungua na hakuna moto, ama tumbo linampanda kama lifti imeshuka ghafla. Mwandishi Mrusi Fyodor Dostoevsky, aliyekuwa na kifafa, alieleza furaha ya ajabu iliyomjia muda mfupi kabla ya kuanguka. Wengine hawapati onyo lolote. Wanaamka wako chini, wamejiuma ulimi, mwili unauma kama wamebeba simiti mjengo siku nzima, nguo zimelowa, na watu wamewazunguka simu ziko juu. Wewe umeona kila kitu. Yeye hakumbuki chochote.

Kuhusu vichochezi, wengi hufikiria taa za klabu. Ni kweli zinaweza. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, kipindi kimoja cha Pokémon kilimulika rangi nyekundu na buluu kwa kasi, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitalini. Lakini mwanga wa aina hiyo huwachokoza watu wachache tu wenye kifafa, karibu 3 kwa kila 100. Vichochezi vya kawaida havina drama: kuruka dawa, kukesha, pombe, homa, mawazo mengi. Yaani maisha ya chuo.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ipo. Fenobabitali ilianza kutumiwa kwa kifafa mwaka wa 1912, na ni ya bei nafuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall alikuta wagonjwa wakitengwa, wengine wana makovu ya moto kwa kuanguka jikoni. Alifungua kliniki, akaanza kuwapa dawa hiyo, na wengi wakapata nafuu. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Lakini katika nchi maskini, karibu robo tatu hawapati tiba wanayohitaji.

Na usiniambie huu ni ushamba wa Afrika. Marekani, hadi miaka ya 1970, sheria iliruhusu mtu mwenye kifafa kuzuiwa kuingia mkahawani ama sinema. Maarifa yalikuwepo kabla ya Yesu kuzaliwa. Kilichokosekana, kila mahali, ni watu wa kawaida kuyaamini na kuyafanyia kazi. Hiyo sehemu sasa ni yetu.

Kwa hivyo mtu akianguka mbele yako, ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze kwa ubavu, angalia saa. Usimkandamize. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Hawezi kumeza ulimi wake. Zikipita dakika 5, ama akianguka tena kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali haraka. Mate yake hayaambukizi kifafa. Na kama simu yako haipimi muda wala haiiti msaada, irudishe mfukoni.