Nani alichagua bunduki ya kumwindia digidigi?

Digidigi aliyekomaa ana kilo 5 hivi. Ukimpiga kwa bunduki ya nyati utaokota pembe na kwato. Ukimpiga kwa kitu dhaifu atajikokota kichakani akafie huko, nawe usimwone tena. Hesabu yote ya bunduki ndogo imo kati ya makosa hayo mawili, na mwindaji wa mkoa wa Mara, Tanzania, hakuwahi kuachiwa aipige mwenyewe.

Tuanzie Mwitongo, Butiama, juu ya miamba lilipo kaburi la Mwalimu Nyerere. Jina lenyewe limetokana na itongo, yaani mahame, mahali watu walipoishi zamani wakapaacha. Hapa palikuwa kwa Chifu Burito, baba yake Mwalimu, mtawala wa Wazanaki. Ukishuka kuelekea mashariki unawapita Waikizu, kisha Wanata na Waikoma, mpaka unafika Serengeti. Wote ni watu wa jembe na mifugo, lakini simulizi ya asili ya Wanata humweka mwindaji mwanzoni kabisa: mwanamume wa porini aliyekutana na mwanamke mkulima, wakaanzisha ukoo.

Mwindaji huyo alikuwa na upinde, na vigumba vya mishale yake vilifuliwa na Waturi, wahunzi wa nchi hii. Kwa mnyama mkubwa alipaka sumu iliyochemshwa kutoka mti wa msunguti. Kwa wadogo, yaani digidigi, nsya na swala tomi, hapakuwa na haja ya makuu: mbwa, wavu, shimo au kitanzi vilitosha. (Huyo swala tomi amepewa jina la Joseph Thomson, Mskochi aliyepita Umasaini mwaka 1883. Babu zetu walikuwa wakimla bila kumfahamu Thomson.)

Bunduki ililetwa na misafara ya karne ya 19, nayo ilikuwa gobore. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia kwa mdeki, unatia marisau au kipande chochote cha chuma, kisha unaomba isinyeshe. Ndani mtutu ni laini, hauna mifuo ya kuizungusha risasi, kwa hiyo ukivuka hatua hamsini shabaha inageuka bahati nasibu. Kwa tembo aliyesogelewa karibu, sawa. Kwa digidigi anayechomoka kichakani kama jiwe la kombeo, ni kupoteza baruti.

Kwa nini basi gobore likadumu vijijini miaka mia na zaidi, wakati dunia ilikwisha kuliacha? Wengi hujibu kwamba ni umaskini. Mimi naanza na karatasi. Mnamo Julai 1890 mataifa ya Ulaya na wenzao walitia saini mkataba mjini Brussels, wenye lengo lililotangazwa la kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake walizuia silaha za kisasa kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Mara imo humo. Walichoacha upenyo kiuzwe ni bunduki ya gumegume yenye mtutu usio na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida. Raifoli, yaani bunduki yenye mifuo, ikabaki kwa serikali na kwa wachache wenye kibali.

Tazama mwaka wenyewe. Miaka minne tu kabla, mwaka 1886, Ufaransa ilikuwa imelipa jeshi lake bunduki ya Lebel ya milimita 8, ya kwanza kutumia baruti isiyotoa moshi. Baruti hiyo ilisukuma risasi kwa kasi ambayo ile nyeusi haikuweza kuifikia, na kwa kuwa kasi ilipanda, tundu la mtutu likaweza kupungua. Kaliba ndogo yenye nguvu ilizaliwa hapo. Waafrika wakafungiwa mlango wiki hiyohiyo, ukipenda kusema hivyo, ambayo ufundi wenyewe ulikuwa unaingia sokoni.

Kisha ikaja leseni. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya wanyamapori kwa koloni la Wajerumani, na uwindaji ukawa jambo la kibali. Mwaka 1900 wakubwa wa Ulaya wakakutana London, na katika mkataba wao wakataka nyavu na mashimo ya kunasia vipunguzwe kadiri iwezekanavyo. Mkataba huo haukupata kuanza kutumika rasmi, ila sheria za makoloni zilifuata nyayo zake. Ule wa London wa 1933 ukaongeza ukali juu ya sumu, mitego na taa za kupumbaza wanyama. Mwindaji wa Ikoma alikwisha kunyimwa bunduki ya kumfaa mnyama mdogo. Sasa alinyang'anywa na wavu wake.

Wazungu wenyewe walikuwa wakibishana juu ya ukubwa wa bunduki. Katika Karamoja, Uganda, W.D.M. Bell aliwaua tembo kwa mamia akitumia bunduki ya milimita 7, Rigby .275, ambayo wenzake waliona inafaa swala. Alijua ubongo ulipo, basi. Theodore Roosevelt alipokuja Kenya mwaka 1909 alibeba kuanzia Springfield nyepesi hadi bunduki ya mitutu miwili ya kumwangushia faru.

Kwa wanyama wadogo mjadala uliishia kwenye .22, yaani sehemu 22 za mia za inchi, milimita 5.6. Ile ya kawaida, .22 Long Rifle, ipo tangu 1887. Risasi yake ina gramu 2.6 na kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde. Haipigi kelele nyingi na bei yake ni ya karanga. Inafaa sungura na kanga. Kwa swala tomi, mwenye kilo 20 na zaidi, ni silaha ya kujeruhi. Mapema miaka ya 1930 ikaja .22 Hornet, yenye tundu hilohilo na risasi nzito kidogo tu, lakini kasi yake ilizidi mita 700, na nguvu ikapanda zaidi ya mara nne. Hapo ndipo mtu anajifunza kwamba namba iliyoandikwa kwenye mtutu haisemi yote.

Risasi nayo ina tabia yake. Yenye ncha laini hutanuka ikigusa nyama, na kwa swala hilo ni jema, maana anaanguka papo hapo. Kwa digidigi huacha matambara, ndiyo maana wazoefu walimtilia risasi ngumu inayotoboa na kupita. Tangu 1899 mataifa yaliyokubaliana The Hague yaliikataa hiyo laini vitani, lakini porini ikaendelea kuruhusiwa.

Uingereza nayo imevutana na swali la kaliba gani inamfaa mnyama gani. Sheria yake ya 1991 iliweka .240 kuwa kaliba ya chini kabisa kwa ayala, wale wanyama wa jamii ambayo huku kwetu haipo. Mwaka 2007 ikalegeza hadi .220 kwa aina mbili ndogo, ikaongeza masharti ya uzito na nguvu ya risasi. Sheria hiyo angalau ilimtazama mnyama. Ile ya Brussels ilimtazama mshika bunduki.

Uhuru haukurudisha uchaguzi kijijini. Mwaka 1973 Tanzania ilipiga marufuku uwindaji hadi 1978. Mwaka 1994 mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo yakatangazwa jirani na vijiji vya Wanata na Waikoma. Leo mgeni anayetaka kuwinda nchini hulipa ada, akaja na bunduki yake ndani ya sanduku, na mkononi ana orodha ya wanyama anaoruhusiwa kuwapiga.

Mwanakijiji anayeingia porini kwa kuiba kwa kawaida haendi na bunduki, maana mlio humwita askari. Anatega waya. Tangu Aprili 2017 vikosi vinazunguka Serengeti kuutegua, na mitego mingi inayokusanywa ni vitanzi vya chuma vilivyofungwa kwenye shina la mti, kimo cha shingo ya nyumbu. Swala hupita hapohapo.