Uluru: Mwamba na Wenyewe

Mwamba huu wa jiwe la mchanga, unaoinuka mita 348 juu ya tambarare ya katikati ya Australia, ni mahali patakatifu pa Waanangu, wenyeji ambao maisha yao huongozwa na Tjukurpa, yaani mfumo wa sheria, imani na masimulizi ya uumbaji unaoeleza jinsi ardhi ilivyopata umbo lake na jinsi wanadamu wanavyopaswa kuitunza. Mwaka 1873 mpimaji ardhi William Gosse aliuita Ayers Rock, kwa heshima ya Henry Ayers, kiongozi katika serikali ya koloni la Australia Kusini, kana kwamba haukuwa na jina. Mwaka 1958 serikali iliuondoa katika eneo lililotengewa wenyeji ili kupisha utalii, na wageni wakaendelea kuupanda kwa miongo kadhaa ingawa wenyewe waliwasihi wasifanye hivyo. Dhuluma hiyo ilianza kurekebishwa tarehe 26 Oktoba 1985, Waanangu walipokabidhiwa hati ya umiliki, lakini kwa sharti zito la kuikodisha ardhi yao kwa serikali kwa miaka 99, iwe hifadhi ya taifa inayosimamiwa kwa pamoja. Upandaji ulikomeshwa rasmi tarehe 26 Oktoba 2019, na mnyororo uliofungwa mwambani kwa ajili ya wapandaji ukaondolewa.