Ndiva ya Same na pampu ya ghorofani

Juma hili nianze kwa kukiri kosa. Kwa miaka mitatu mfululizo nilituma fedha kijijini kwetu, wilayani Same, kila nilipopata habari kwamba kuna msaragambo wa kuzoa tope ndani ya ndiva. Na kwa miaka hiyo hiyo mitatu sikutoa hata senti kwa ajili ya pampu ya maji ya jengo ninamoishi hapa Dar es Salaam. Maji ya ndiva ile sijayatumia tangu ujana wangu. Pampu ndiyo inayonipandishia maji ya kuoga kila asubuhi.

Kwa asiyeijua, ndiva ni bwawa dogo la kukusanyia maji ya kijito. Upareni kule juu, kuelekea kilele cha Shengena chenye mita 2,462, mvua ipo. Lakini huku chini, Same mjini na Makanya, ni nchi kavu ya migunga na mkonge, na wingu hupita bila kuaga. Wazee wetu waliona kwamba kijito chembamba kikiachwa kitiririke peke yake katika mfereji mrefu, ardhi hukinywa kabla hakijafika shambani. Basi wakajenga bwawa. Usiku linajaa, asubuhi tundu linazibuliwa, maji yanatoka kwa nguvu na kufika mbali. Ndiva nyingi ni ndogo. Ile ya Manoo pale Bangalala, ambayo ilipanuliwa na kujengewa saruji mwanzoni mwa miaka ya 2000, huchukua mita za ujazo zipatazo 1,600.

Kujenga, hata hivyo, ni kazi ya msimu mmoja. Kinachowashinda watu ni miaka inayofuata, maana tope huingia kila mvua inaponyesha, kingo hubomoka, na kila mtu anataka zamu yake iwe kabla ya ya jirani. Hapo ndipo ulipo msaragambo, kazi ya wote, ambayo Mpare hafundishwi maana yake. Mbiu ikipigwa unatoka na jembe lako. Usipotoka unalipa faini, na ukizidi kukaidi zamu yako ya maji inarukwa, huku mahindi yako yakikauka mbele ya macho ya watu wote. Hakuna barua ya onyo.

Nisiwapambe wazee wangu kupita kiasi. Ndiva ilikuwa na wenyewe, yaani ukoo ulioijenga, na wa koo nyingine walipata maji kwa kuomba na kwa jasho. Mgeni alikuwa wa mwisho. Na walioko mwisho wa bonde, kama wakulima wa Makanya, mara nyingi wamebakiwa na maji ya mafuriko tu, wakajifunza kuyaelekeza mashambani yanapoporomoka kutoka mlimani. Lakini angalau kila mtu alijua ni nani wa kumlaumu.

Wala msidhani kwamba watu hawa walilipa kila walichoambiwa walipe. Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka mpaka Same, makao ya serikali ya wilaya, kuipinga kodi iliyoitwa mbiru. Ilikuwa kodi ya kukadiria, kila mtu na kiwango chake kwa kadiri ya mali aliyodhaniwa kuwa nayo. Profesa Isaria Kimambo ameieleza vizuri habari hiyo katika maandishi yake. Watu walikuwa tayari kulipa kodi iliyo sawa kwa wote. Walichokataa ni hesabu iliyofanywa na wengine bila wao kuijua. Walishikilia msimamo wao muda mrefu, wanawake nao wakaingia, na mwishowe mbiru ikaondolewa. Watani wetu husema Mpare akiibiwa kuku atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani. Wacheke wapendavyo.

Mambo yalianza kulegea baada ya uhuru. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, kisha ikaja sheria ya vijiji ya mwaka 1975, na ndiva nyingi zikawa chini ya kamati za kijiji. Nia ilikuwa njema, na kwa wale wageni wa koo ilikuwa haki. Lakini kile kilichokuwa cha ukoo kikawa cha wote, na kilicho cha wote kikakosa wa kukizoa tope.

Mjini tulipitia njia hiyo hiyo kwa mlango mwingine. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo wengi wetu tulikulia katika ghorofa ambamo chumba ni chako na ngazi ni za serikali. Taa ya ngazini ikiungua, unapapasa ukuta mpaka mlangoni kwako, ukifika unashukuru Mungu na kufunga mlango.

Ndipo tukaanza kununua. Mtu ananunua nyumba ghorofa ya pili, anapewa ufunguo, na hajiulizi amenunua nini hasa. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inajibu: pamoja na vyumba vyako umenunua fungu katika ngazi, paa, tangi, mabomba na uwanja. Wenye nyumba wote ni wanachama wa chama cha jengo, wapende wasipende, na chama hicho kinatunga kanuni, kinatoza michango na kinaweza kumshitaki asiyelipa. Zanzibar nayo ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2010. Mimi niliisoma nikacheka peke yangu. Ilikuwa ndiva, imeandikwa na mawakili.

Kwetu chama kilikuwapo kwenye karatasi. Mwaka wa kwanza aliyetushikia fedha alisoma mapato, matumizi akayasahau. Mwaka wa pili tuliacha kutoa, na mimi nilikuwa wa mbele katika kuacha, nikijiona shujaa wa mbiru. Pampu ilipokufa tulianza kununua maji kwa madumu. Mama mmoja mjane wa ghorofa ya nne, ambaye hakukosa mchango hata mwezi mmoja, ndiye niliyemkuta ngazini jioni moja ameketi juu ya dumu lake, anapumua. Nikamwambia, "Shikamoo mama, lete nikusaidie." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Ungenisaidia mwezi wa tatu, tulipokuwa tunachanga."

Tuliitisha mkutano. Tulibishana saa nne nzima. Wengine walitaka wasiolipa wakatiwe maji, jambo gumu katika jengo lenye bomba moja, na gumu zaidi pale mwenye nyumba yuko Mwanza na anayeoga ni mpangaji wake asiye na deni. Tukakubaliana deni limfuate mwenye nyumba popote alipo, kama mimi ninavyofuatwa na msaragambo wa Same mpaka huku Dar es Salaam. Hesabu hubandikwa mlangoni pa chumba cha pampu kila mwisho wa mwezi, risiti ya luku ikiwa imepigwa pini juu yake, na jina la anayedaiwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Langu lilikaa pale wiki sita mpaka nilipomaliza ya miaka mitatu.

Jumamosi ijayo ni zamu ya ghorofa ya pili kuosha tangi. Ndoo nimekwisha nunua.