Kabla Hujasema "Tutaonana Mbinguni"

Kila matanga ya huku kwetu, iwe Litein, Sotik au Longisa, lazima utasikia mtu akisema "tutaonana mbinguni." Watu wanaitikia amina, kaburi linafunikwa, chakula kinapakuliwa. Ni maneno mazuri. Lakini wasee, mshawahi kujiuliza babu zetu walisema nini kabla kanisa halijafika?

Nianze na kitu ambacho wengi hatukuambiwa shuleni. Zamani Wakipsigis wengi hawakuzikwa. Mwili ulipelekwa nje ya boma ukaachiwa fisi. Waliozikwa ni wazee sana na watoto wachanga, hapo karibu na zizi. Najua mtu wa leo akisikia hivyo anashtuka, "Ai, kwani hawakupenda watu wao?" Walipenda sana. Ila tumaini lao hawakuliweka kwenye mwili, waliliweka kwenye jina.

Mtoto akizaliwa, akina mama wazee walikaa naye wakitaja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya lingine. Hiyo ndiyo kurenet. Mtoto akipiga chafya jina fulani likitajwa, basi huyo ndiye. Chafya ikikawia, ugoro kidogo ulisaidia. Oiik, yaani roho za waliotangulia, zimejibu. Kwa hivyo jina kama Kibet au Chepkemoi linasema tu kama ulizaliwa mchana au usiku. Hilo lingine lilisema ni nani amerudi nyumbani. Kifo kibaya kabisa kilikuwa kukosa wa kubeba jina lako. Ndiyo maana mama aliyekosa mtoto wa kiume aliweza kuoa mwanamke mwenzake, ili nyumba yake isizimike.

Halafu injili ikaja. Willis Hotchkiss, Mmarekani wa Quaker, alikuwa mmoja wa waliofungua misheni ya Kaimosi mwaka 1902, kisha akahamia Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion. Africa Inland Mission wakakita kambi Litein. Miaka ya 1930 misheni ya Tenwek ikaanza, karibu na mahali Bomet mjini palipo leo. Hawa walileta habari tofauti: aliyekufa atafufuka yeye mwenyewe, kwa sababu Yesu alifufuka. Hatarudi kupitia mjukuu. Atakuwa yeye, na mwili wake umefanywa upya. Soma 1 Wakorintho sura ya 15 uone Paulo anavyolitetea jambo hilo. Kwake, kama wafu hawafufuki, imani yote imeanguka. Anaulinganisha mwili na mbegu inayopandwa. Sasa kama mwili ni mbegu, huwezi kuuachia fisi. Mwili ukaanza kuchimbiwa kaburi na kuwekewa msalaba.

Watu hawakutupa ya kale siku moja. Kogo wangu hakosi kanisa Jumapili, na ufufuo anauamini kuliko mimi. Lakini mtoto akizaliwa kwa familia, swali lake la kwanza ni lile lile: "Ni nani amekuja?" Pasta akimsikia anacheka tu. Mimi sioni kama kogo amechanganyikiwa. Naona mtu anayekataa kusahau wafu wake.

Lakini Paulo huyo huyo, sura mbili nyuma, anataja imani, tumaini na upendo, halafu anaupa upendo nafasi ya kwanza. Hapo ndipo historia yetu inauma.

Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ilimhamisha Kipchomber arap Koilegen, orkoiyot wa Wakipsigis, pamoja na ndugu zake. Alifia uhamishoni mwaka 1916. Miaka ya 1920 kampuni kama Brooke Bond zikapanda majani chai kwenye mashamba ya Kericho. Mwaka 1934 ikapitishwa sheria ya kuwaondoa Talai, ukoo mzima, wazee kwa watoto. Mamia ya watu wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu na mbung'o. Wengi walifia huko. Waliobaki waliruhusiwa kurudi uhuru ukikaribia, wakakuta ardhi ina wenyewe, na wengi wakaishia kuwa maskwota hapo Kericho.

Sasa fikiria. Sheria hiyo ilitoka kwa serikali ya mfalme ambaye pia ndiye mkuu wa Kanisa la Uingereza. Imani ilikuwepo. Tumaini la mbinguni lilihubiriwa kila Jumapili. Kilichokosekana ni kile cha tatu. Ukimhubiria mtu wa Gwassi habari za makao ya milele na wewe umemnyang'anya makao ya leo, utamlaumu vipi akikutilia shaka?

Weka hiyo kando ya Tenwek. Daktari wa kwanza wa kukaa pale, Ernie Steury, alifika mwaka 1959, akakuta wagonjwa wengi kuliko mikono. Alikaa miongo. Baadaye hospitali ikajenga mtambo wa umeme kwenye maporomoko ya mto Nyangores, ili taa zisizime mtu akiwa kwa upasuaji. Kauli mbiu yao inasema kwamba wao wanatibu na Yesu anaponya. Mtu anaweza kubishana na hiyo teolojia, sawa. Lakini mama aliyejifungua salama pale hakuhitaji kuelezwa maana ya upendo kwa mahubiri. Kwa maoni yangu, watu kama hao ndio walifanya habari ya ufufuo iaminike huku, kuliko mhubiri yeyote mwenye spika kubwa.

Na hapo ndipo naleta hii kwetu sisi wa rika langu. Mtu akiugua, grupu ya WhatsApp ya familia inanyamaza, kila mtu "ameona" ujumbe. Akifa, ndani ya siku mbili kuna kamati, tenti, jeneza la maana na fulana zenye picha yake. Pesa ilikuwepo wakati wote huo. Halafu tunasimama kaburini tunaimba tutaonana.

Mababu walimpa marehemu jina ndani ya mtoto na kuhakikisha nyumba yake haizimi. Tenwek walimpa mgonjwa kitanda. Wote walifanya kitu kwa mkono ndipo wakaongea juu ya kesho. Ukiwa na mtu wako amelala hospitalini wiki hii, tuma hata mia mbili, na uende umwone. Kaburini hatakuwa na haja nayo.